Hela ya mikoani isiishie mjini

Haya niliyaongea juzi kwenye mkutano wa wafanyabiashara hapa Tanga mjini, na kwa vile wengi walibaki nje ya ukumbi wakaniomba niyaandike, nimeyaandika karibu vile vile yalivyotoka mdomoni.

Shikamooni wazee wangu. Habari zenu kaka zangu na dada zangu, asalaam aleikum, bwana asifiwe, na nyie wadogo mliobanana pale mlangoni sogeeni jamani, huku mbele viti vipo. Nimepewa dakika 20 na kwenye karatasi wameniandikia mada ni ruzuku za serikali kwa biashara zinazotanuka kwenda mikoani. Mi sio mchumi, mi napaki viungo, iliki na pilipili manga na mdalasini, wengi wenu mmeshanunua pakiti zangu pale soko la Mgandini. Kwa hiyo ntaongea kutokea kwenye gunia.

Kwanza tukubaliane mikoani ni wapi. Mtu wa Dar akisema mikoani anamaanisha sisi, akifika Kange stendi akashuka basi anapiga simu kwao anasema nimefika mkoani. Sawa. Lakini mimi wa hapa mjini nikisema napeleka biashara nje namaanisha Muheza, na mtu wa Muheza mjini naye akitaja mbali anataja Amani, anataja Zirai, anataja Misalai kule juu kwenye baridi. Sasa hela ikitengwa kule Dodoma ikaandikwa ni ya kuinua biashara mikoani, ikashuka hapa Tanga jiji ikalipia ofisi mbili Chumbageni, kwenye taarifa inaandikwa imefika mkoani, na ukweli ni kwamba imefika, hakuna aliyedanganya. Ila yule mama wa Misalai anayenichumia iliki hajaisikia hata harufu yake. Hilo ndo limenitoa nyumbani leo.

Niwaambie kwanini nilipanda mlima. Nilianza kwenye chumba kimoja pale Mabawa, mizani moja, mashine ya kubandika mifuko moja, mzigo nauletewa kutoka Amani kwa gari la abiria. Siku moja msimu wa masika nimeletewa viroba vinne vya iliki, nimekata uzi wa kiroba cha kwanza nimeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, ndani kuna joto, yani joto kabisa kama umeingiza mkono kwenye unga wa maandazi ulioumuka, na harufu sio ya iliki tena ni harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Kiroba cha salfeti hakipumui, na iliki ilikuwa imekaushwa nusu, imesafiri siku moja, imelala stendi usiku mmoja, basi imeanza kuchemka yenyewe. Nilipoimwaga kwenye turubai nikaona ule weupe, ukungu, kwenye maganda. Viroba vinne vyote. Aliyeniuzia hakuwa na kosa, yeye anakausha juu ya mkeka mbele ya nyumba, mvua ikija anaingiza ndani, ikikatika anatoa, na kule juu mvua haina ratiba.

Alafu piga hesabu hii kwa utaratibu. Iliki mbichi kilo 5 ukiikausha vizuri unabaki na kama kilo 1. Pilipili manga kilo 3 mbichi zinatoa kama kilo 1. Maana yake ukibeba mzigo mbichi kuleta mjini unalipa nauli ya maji. Unateremsha maji mlimani unayaleta Mabawa unayakausha kwa umeme wa kulipia. Na iliki ikipigwa na jua kali inapauka, ile rangi ya kijani inayotafutwa na mnunuzi inapotea. Inatakiwa ikaushwe kule kule, siku ile ile iliyochumwa, kwenye draya yenye joto la kupimwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza kwanini biashara iende vijijini simjibu mambo ya uzalendo, namjibu kuna biashara ambazo mahali pake ndo kule, kuziweka mjini ndo hasara.

Basi nikapanda. Na hapa ndo nilikutana na kitu ambacho mi nakiita gharama ya umbali, sijui wasomi wanakiitaje. Draya ikiharibika feni, fundi anatoka Tanga mjini, unalipa nauli kwenda na kurudi, unalipa chakula, na kama gari zimegoma kupanda kwa sababu ya matope unalipa na siku ya kulala, feni yenyewe ameitengeneza kwa saa moja. Mfanyakazi anayejua kusoma kipima unyevu hataki kuhamia kule, akikubali anataka mshahara wa mjini na juu yake pango. Umeme upo, tena serikali imetusaidia sana kwenye hili, kuunganishiwa kijijini ni shilingi 27,000 na hiyo sio bei halisi ya nguzo na waya, hiyo bei imebebwa. Lakini ule ni umeme wa taa na redio na friji. Ukitaka kuzungusha mashine ya kusaga ya maana unataka umeme wa njia tatu, na hapo unaambiwa hesabu nguzo kutoka transfoma mpaka kwako, na bei inakuwa nyingine kabisa. Nilihesabu nguzo zangu kwa miguu nikitembea njiani, nikarudi nyumbani sikuweza kula.

Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale Amani mwaka 1902 hawakuishia kujenga maabara, waliweka na kireli kidogo cha kwenda Sigi kuunganisha na reli kubwa ya kutoka Tanga. Tusiwasifie, walikuja kuchukua mali, ila hesabu ya umbali walikuwa wanaijua.

Sasa nije kwenye hela yenyewe. Nimegundua watu tunachanganya maneno. Mtu anakwambia nimepata ruzuku ya halmashauri, ukimuuliza unakuta amepata mkopo. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba, hilo ni jambo kubwa na mi nalishukuru, ila unarudishwa. Uliwekwa kwenye sheria mwaka 2018, mwaka 2023 ukasimamishwa kwa sababu ya matatizo ya usimamizi, mwaka 2024 ukarudi. Ruzuku ni kitu kingine, ruzuku hairudishwi, lakini ina masharti, na ukivunja sharti ndo inarudishwa tena kwa kishindo. Mtu akichukua mkopo akiamini ni ruzuku hela inaliwa, na kikundi kinavunjika, na mwenyekiti wa kikundi anahama mtaa. Mmeona wenyewe, sina haja ya kutaja mitaa.

Na kwenye hiyo asilimia 10 kuna kitu naomba tukitazame kwa makini kwa sababu sisikii kikisemwa. Asilimia 10 ya mapato ya ndani maana yake ni asilimia 10 ya kile ambacho halmashauri imekusanya yenyewe, ushuru, leseni, vibanda, maegesho. Jiji la Tanga lina bandari, lina viwanda vya saruji, lina maduka, kapu lake lina kitu. Mkinga wana nini cha kukusanya? Kilindi? Asilimia 10 ya kingi ni kingi na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo. Kwa hiyo hela ya kuinua watu inakuwa nyingi pale ambapo biashara tayari zipo, na inakuwa chache pale ambapo hazipo. Sisemi sheria imetungwa vibaya, kila halmashauri inatoa jasho lake, ni haki. Nasema tu kwamba huo mpango hauwezi kuwa ndo mpango wa kupeleka biashara pembezoni, kwa sababu unavyofanya kazi unavuta kurudi katikati. Cha kupeleka pembezoni lazima kitoke kapu la juu.

Kwa upande wa wakubwa kuna misamaha ya kodi kwa mwenye cheti cha uwekezaji. Sheria ya uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha chini cha mtaji wa kupatia hicho cheti, kwa Mtanzania, kutoka dola 100,000 mpaka dola 50,000, na kushushwa kule kulisaidia watu. Lakini dola 50,000 bado ni zaidi ya milioni 100, mi draya yangu ya kwanza ilikuwa milioni 7 na laki 4 na nilikopa kwa shemeji. Kati ya kikundi cha watu watano wa asilimia 10 na mwekezaji wa milioni 100 kuna watu kama mimi na nyie hapa ukumbini, tumeshatoka kwenye kikundi, hatujafika kwenye cheti, na sisi ndo tunaoweza kufungua kituo Zirai au Maramba au Songe.

Ntasema na yangu, maana nimeahidi kuwa mkweli. Kulikuwa na mfuko mmoja, sitautaja, ulitangaza ruzuku ya kuchangia, yani wewe unatoa nusu wao wanatoa nusu, kwa wasindikaji wanaopeleka mashine karibu na wakulima. Nilifurahi nikalia. Nilikuwa nimeshanunua draya miezi miwili nyuma, nikasema basi hii ndo nusu yangu, nikaambatanisha risiti, nikaambatanisha picha mimi nimesimama pembeni ya draya natabasamu. Nikakataliwa. Barua ilikuwa na mistari mitatu, inasema mradi umeanza kabla ya maombi. Nilikasirika sana, niliona nimeadhibiwa kwa kuwahi, aliyekaa akasubiri anapewa, aliyejituma ananyimwa. Nilikaa na ile hasira karibu mwaka.

Baadaye nikaja kuelewa, na nataka mlielewe leo msije mkapoteza kama mimi. Ruzuku ya aina hii inatolewa ili kitu ambacho kisingefanyika kifanyike. Ukionesha umeshakifanya, umewaonesha kwamba hela yao haikuhitajika. Ndivyo ilivyo hata kwa wenzetu. Ujerumani, iliyokuwa Ujerumani Magharibi wakati ule, walipitisha sheria mwaka 1969 ya kuinua uchumi wa maeneo yaliyobaki nyuma, serikali kuu inatoa nusu na jimbo linatoa nusu, kampuni inayojenga au kununua mashine kwenye maeneo hayo inapewa sehemu ya gharama, biashara ndogo inapewa asilimia kubwa kuliko biashara kubwa. Na masharti yao mawili ndo haya: omba kabla hujaanza, na ajira ulizoahidi zikae miaka 5. Ukiondoka kabla, unarudisha.

Hiyo ya miaka 5 ndo ilinigusa, kwa sababu sisi Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Tunausema kwa raha, tunaukaribishia wageni, lakini kwenye biashara umetuuma. Mwaka huo huo 1969, sio Ujerumani tu, hata sisi. Mpango wetu wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, 1969 mpaka 1974, ulichagua miji 9 nje ya Dar es Salaam iwe miji ya kukuza viwanda, na Tanga ilikuwemo pamoja na Arusha, Moshi, Mwanza, Mbeya, Mtwara na wenzao. SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, nayo ikaanzishwa 1973. Wazee wangu mnaokaa hapo mbele mnakumbuka kiwanda cha mbolea, baadhi yenu mmefanya kazi pale. Kilianza mwanzoni mwa miaka ya 70, kikasimama mwanzoni mwa miaka ya 90. Malighafi zake kwa sehemu kubwa zilikuwa zinakuja kwa meli kutoka nje, kwa hiyo fedha za kigeni zikikauka na kiwanda kinakauka. Kiwanda kililetwa mkoani lakini mizizi yake ilikuwa ng'ambo. Mi nikitazama iliki ya Misalai naona kitu cha tofauti, malighafi iko mlimani, haiji na meli, mnunuzi yupo, kinachokosekana ni zile kilomita za katikati.

Kwa hiyo ombi langu kwa viongozi wetu mliopo hapa, Mheshimiwa mgeni rasmi na maafisa wa biashara na maafisa maendeleo ya jamii, kwa heshima zote. Kukiwa na hela ya kusaidia biashara kwenda mikoani, hata iwe ndogo, msiigawe kwa mkoa. Iangalieni mpaka kwenye kata. Lipieni umbali. Msininunulie jengo, jengo nitajenga mwenyewe taratibu hata kwa mabati, nisaidieni zile nguzo za umeme wa njia tatu ambazo baada yangu atazitumia mwenye mashine ya kusaga na mwenye kuchomelea na shule ya jirani. Nisaidieni mshahara wa yule kijana wa kipima unyevu kwa mwaka wa kwanza mpaka nimfundishe binti wa pale pale. Na msitoe yote siku ya kukata utepe. Toeni nusu mwanzo, nusu nyingine mje kuitoa baada ya masika mawili, mje bila taarifa, mhesabu watu waliopo kazini. Mkikuta mlango umefungwa msitoe, na mkikuta upo wazi msichelewe, kwa sababu masharti ya ununue kwanza kwa hela yako alafu tukurudishie yanamfaa mwenye hela, yule wa kukopa kwa shemeji hayamfai, shemeji hangoji.

Kwetu sisi wafanyabiashara nako kuna la kusema na mi nimo humo humo. Hatuandiki. Tunajua biashara ilivyo kwa kichwa, ukiulizwa mwaka juzi uliuza kilo ngapi unaangalia juu kwenye dari. Daftari langu la sasa lina safu nne tu, tarehe, kilo mbichi zilizoingia, kilo kavu zilizotoka, na hela niliyolipa kwa mchumaji, linaandikwa na binti wa darasa la saba na linasomeka kuliko fomu nyingi nilizowahi kuziona. Afisa mmoja alipolifungua alikaa nalo robo saa kimya, alafu akaniuliza maswali ambayo hakuna afisa aliyewahi kuniuliza. Nenda BRELA, kule wanakosajili biashara, usajili jina, TIN, namba ya mlipakodi, uwe nayo, leseni ihuishwe, na ukienda TBS, shirika la viwango, pitia kwanza SIDO upate barua ya utambulisho, mjasiriamali mdogo anaanza kupata alama ya ubora bila kulipia. Hiyo nayo ni ruzuku jamani, haijaja kwa jina la ruzuku tu, na wengi hapa hamjaichukua, mnauza pakiti haina alama alafu mnashangaa supamaketi inawakataa.

Kaka mmoja wa pale nyuma aliniuliza je sio kwamba kampuni kubwa za Dar zitakuja kuchukua hizo hela zote zifungue tawi Muheza lenye meza moja. Swali zuri sana, na ndo maana nang'ang'ania watu kazini wahesabiwe baada ya masika mawili, meza haichumi iliki. Mzee mwingine akasema serikali ina madeni, zahanati hazina dawa, kwanini hela iende kwa wafanyabiashara. Nilimjibu hivi na bado ndo naamini hivyo: baba, kama ni kunipa mimi nipendeze, isitolewe. Kama ni nguzo nane za umeme zikae pale Misalai, zitolewe, na mimi niwekwe kwenye maandishi kwamba nikiondoka nazilipa.

Yule mama niliyemtaja, wa Misalai. Tangu draya iwe kule juu hakaushi tena kwenye mkeka. Anachuma asubuhi, anapima kwangu saa nane mchana, analipwa palepale kwa simu kwa kilo mbichi, hahangaiki na mvua tena. Msimu uliopita alinionesha mikono yake, zamani vidole vilikuwa vyeusi kwa kugeuza iliki juu ya moshi jikoni, sasa vimerudi rangi yake. Wenzake 11 kwenye kile kitongoji nao wanaleta kwangu, ila draya ni moja na inachukua kilo 120 tu kwa mkupuo, kwa hiyo kila msimu nawarudisha watu wanne au watano na viroba vyao kichwani, wanarudi kwenye mkeka.

Safari hii sijanunua kitu. Draya ya pili ipo kwenye karatasi tu, ankara ya fundi ninayo, makadirio ya nguzo ninayo, nakala ya daftari la misimu mitatu ninayo, na bahasha naipeleka Jumatatu kabla sijagusa hata shilingi moja. Anayetaka kuona nilivyoijaza anikute Mgandini kesho kutwa, upande wa viungo, kuanzia saa tatu asubuhi, aje na kalamu.